Pombe inayongoja mtoto akomae: desturi moja ya Waingereza

Utangulizi

Katika kijitabu hiki tumezoea kusoma juu ya desturi zetu wenyewe: mahari, matanga, majina ya mapacha, heshima kwa wakwe. Leo ninaomba ruhusa ya kutoka kidogo inje ya mipaka yetu ili nieleze desturi moja ya Waingereza. Desturi hiyo inahusu pombe. Mtu asicheke. Pombe nayo iko na historia yake, kama vile vita na mikataba tunayofundisha kalasini, na mara nyingi inaonyesha mambo ya watu ambayo mikataba haionyeshi.

Sisi watu wa Kivu tunajua kasiksi. Ndizi zinaiva shimoni siku chache, zinakamuliwa, maji yake yanachanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, na kisha siku mbili ao tatu watu wanaitwa. Kasiksi haingoji mtu. Ukichelewa juma moja, unakuta siki. Ndiyo maana mtu wa kwetu akisikia habari ya pombe iliyowekwa miaka 10, 20, hata 100, anadhani ni hadithi ya kuchekesha watoto.

Mimi pia nilidhani hivyo. Kiisha mwaka wa 2019 mdogo wangu anayekaa Uingereza akaja kututembelea hapa Bukavu kwa ajili ya Noeli. Katika valizi yake alitoa chupa mbili ndogo, zimefungwa ndani ya soksi. Juu ya karatasi ya chupa paliandikwa jina, Thomas Hardy's Ale, na mwaka: 2007. Nikamwambia: « Mdogo wangu, hii pombe imekufa zamani. » Akajibu: « Yaya, ndiyo kwanza inaanza kuwa mtu mzima. »

Neno hilo, « mtu mzima », lilinifanya nitafute na kusoma. Niliyoyapata ndiyo haya.

1. Pombe ya Oktoba

Zamani Waingereza walikuwa na pombe ya shayiri isiyo na hopi. Ndiyo waliyoiita ale. Hopi ni maua machungu ya mmea unaopanda juu ya miti kama maharage. Katika karne ya 15 pombe yenye hopi iliingia Uingereza kutoka inchi za Uholanzi na Flandria. Watu waliona upesi faida yake: uchungu wa hopi unazuia vijidudu vinavyochachisha pombe vibaya. Pombe yenye hopi nyingi ilidumu kuliko ile ya zamani. Polepole ale nayo ikatiwa hopi, na jina likabaki.

Nyumba kubwa za mashamba, zile za matajiri wenye ardhi na wapangaji wengi, zilikuwa na jiko lao la pombe. Majiko ya namna hiyo yanaonekana hata leo, kwa mfano huko Lacock na Charlecote. Kazi ilifanyika hivi. Shayiri iliyooteshwa na kukaushwa ililoweshwa katika maji ya moto. Maji ya kwanza yaliyotoka yalikuwa mazito, yenye sukari nyingi: hayo yalitoa pombe kali. Kisha walimwaga maji ya moto tena juu ya shayiri ileile, wakapata pombe ya kawaida ya mezani. Mara nyingine walirudia mara ya tatu, wakapata pombe nyepesi sana ya watumishi na watoto. Mama anayetia maji mara ya pili katika majani ya chai anajua tayari jambo hilo.

Pombe kali ya maji ya kwanza ilipikwa hasa mwezi wa Machi na mwezi wa Oktoba. Juu ya nini miezi hiyo? Sababu wakati wa joto pombe iliharibika kirahisi, na mashine za baridi hazikuwako bado. Oktoba ndiyo ilipendwa zaidi: mavuno yalikuwa mapya, na baridi ya miezi mingi ilikuwa mbele, basi chachu ilifanya kazi yake bila haraka. Katika karne ya 18 kusema tu « Oktoba » mezani kulitosha. Kila mtu alielewa kwamba ni pombe kali ya kuwekwa. Iliingizwa katika mapipa ya mbao, mapipa yakashushwa katika chumba cha chini ya nyumba, kile sisi tunachoita kave, ambamo hali ya hewa haibadiliki sana, karibu digrii 10 hadi 13 mwaka mzima. Humo ilikaa mwaka mmoja, miwili, ao zaidi.

2. Pipa la mrithi

Hapa sasa ndipo tunafika kwenye desturi yenyewe. Katika nyumba hizo kubwa, mtoto wa kiume aliyetazamiwa kuwa mrithi alipozaliwa, baba aliagiza pombe kali kuliko zote ipikwe. Pipa lilifungwa na kuwekwa. Halikuguswa mpaka mtoto atimize miaka 21. Wakati ule, kwa sheria ya Uingereza, miaka 21 ndiyo ilikuwa umri wa kuwa mtu mzima mwenye haki zote. Sheria ya mwaka wa 1969 ndiyo iliyoshusha umri huo kuwa miaka 18, na ikaanza kutumika mwaka wa 1970. Basi siku ya miaka 21 wapangaji wa mashamba waliitwa, mara nyingi ng'ombe mzima alichomwa, na pipa likafunguliwa. Watu walikunywa kwa kumtakia maisha marefu yule kijana ambaye pombe ile ilikuwa rika lake.

Tuangalie vizuri. Mpishi wa pombe hiyo alijua kwamba labda hatakuwako siku ya kuionja. Miaka 21 ni mingi. Mzee wa miaka 55 anayewasha moto ule anafanya kazi kwa ajili ya siku asiyoitazamia. Na yule atakayefungua pipa atakuwa mtu mwingine, pengine mwanafunzi wa mwanafunzi wake. Katikati ya hao wawili kuna watumishi wa kave, ambao kazi yao ni moja tu: kutokunywa. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote.

Tusisahau lakini kwamba ilikuwa desturi ya wenye mali. Mpangaji maskini hakuwa na pipa la mtoto wake. Alialikwa kunywa la mtoto wa bwana. Na binti hakuwekewa kama kaka yake. Mwalimu wa historia hawezi kuficha mambo hayo.

3. Mji wa Burton na chupa za mwaka wa 1869

Katika karne ya 19 kazi ya pombe ya kuwekwa ilitoka polepole katika nyumba kubwa, ikaingia viwandani. Mji uliojulikana zaidi ni Burton upon Trent, katikati ya Uingereza. Maji ya visima vya huko yamejaa chumvichumvi za mawe, hasa jasi, nayo yanafaa sana kwa pombe yenye hopi nyingi. Katika karne ya 18 wafanyabiashara wa Burton walikuwa wakipeleka pombe yao kali mpaka Urusi, kwa njia ya bahari ya Baltiki, hadi Urusi ilipoifungia mlango kwa ushuru mkubwa mwaka wa 1822. Mwaka wa 1852, meli zilipokwenda kaskazini mwa dunia kumtafuta msafiri Franklin aliyepotea katika barafu, kiwanda cha Allsopp cha Burton kilizipikia pombe kali ya pekee, yenye nguvu na yenye lishe, isiyoganda upesi kwa baridi.

Jirani ya Allsopp kulikuwa kiwanda cha Bass, kilichoanzishwa na William Bass mwaka wa 1777. Kampuni hiyo baadaye iliitwa Bass, Ratcliff & Gretton. Mwaka wa 1869 mtoto wa kiume alizaliwa katika familia ya Ratcliff, na kiwanda kikapika pombe kali kwa kumpokea, kama vile nyumba kubwa zilivyofanya. Chupa zake zikaitwa Ratcliff Ale. Mwaka wa 1902 Mfalme Edward VII alitembelea kiwanda hicho, akaanzisha yeye mwenyewe kazi ya kupika. Pombe hiyo ikaitwa King's Ale. Mwaka wa 1929 mwana wake wa Mfalme aliyefuata, yaani Prince wa Wales wa wakati ule, alifanya vilevile.

Kiisha mambo hayo yakasahauliwa. Mwaka wa 2006 huko Burton, katika vyumba vya chini vya kiwanda, chupa nyingi za zamani zikaonekana. Kati yake zilikuwamo za mwaka wa 1869. Hesabu mwenyewe, msomaji: miaka 137. Mtoto yule wa Ratcliff alikuwa amekufa zamani, kiwanda kilikuwa kimebadilisha wenyewe, na ufalme ambao pombe ilizaliwa ndani yake haukuwa ule tena. Wajuzi wakafungua chupa chache. Wengi walikuwa wakidhani kwamba pombe haiwezi kupita miaka makumi mawili. Waliionja, wakasema ilikuwa bado nzuri ya kunywa, yenye ladha ya matunda na hata ya nyama.

4. Pombe inafanya nini gizani?

Wanafunzi wangu wangeuliza: « Mwalimu, inakaaje bila kuharibika? » Jibu la kwanza ni kwamba si kila pombe inaweza kuwekwa. Pombe ya kawaida ya chupa, ile tunayokunywa jioni, ukiiweka miaka mitano unapata kitu cha kumwaga. Ya kuwekwa lazima iwe kali toka mwanzo, karibu 8 hadi 12 kwa mia ya alkoli, iwe na sukari iliyobaki, iwe na hopi nyingi. Nguvu hiyo ndiyo inayoilinda. Muda hauongezi nguvu kwa kitu dhaifu. Unafunua tu udhaifu wake.

Jibu la pili ni chachu. Katika chupa za namna hii chachu hai inaachwa ndani. Inatumia hewa kidogo iliyobaki na kuendelea na kazi polepole. Katika mapipa ya mbao ya zamani kulikuwa pia chachu nyingine ya porini, inayoishi ndani ya mbao. Mjuzi mmoja wa Denmark, Niels Hjelte Claussen, aliyefanya kazi katika kiwanda cha Carlsberg huko Copenhagen, aliichunguza na kueleza habari zake mjini London mwaka wa 1904. Aliipa jina Brettanomyces, maana yake kuvu wa Uingereza, kwa sababu aliikuta katika pombe za Waingereza zilizowekwa muda mrefu, na akaona kwamba ndiyo inayozipa ladha yao ya pekee.

Jibu la tatu ni hewa yenyewe. Hata chupa iliyofungwa vizuri inapitisha hewa kidogo sana. Hewa hiyo inabadilisha pombe: uchungu wa hopi unapungua, povu linapungua, rangi inakuwa nyeusi zaidi, na harufu ya zabibu kavu, ya asali na ya divai nzito inatokea. Ikiingia nyingi, pombe inakuwa na ladha ya karatasi iliyolowa. Ndiyo maana chupa inasimamishwa wima, gizani, pahali pa baridi isiyobadilika, na haitikiswi.

5. Ginsi desturi ilivyokaribia kufa

Juu ya nini pombe hizo zilipungua? Kwanza ni kodi. Mwaka wa 1880 waziri mkuu Gladstone aliondoa kodi ya shayiri iliyooteshwa, akaweka kodi juu ya pombe yenyewe kufuatana na uzito wa maji yake ya sukari kabla hayajachacha. Tangu hapo pombe kali ililipa zaidi. Na kuweka pipa miaka mingi ni kulaza mali: mwenye kiwanda anataka franka zake zirudi upesi.

Pili ni vita ya 1914-1918. Serikali ilipunguza nafaka za kupikia pombe na kupandisha kodi, pombe za Waingereza zikawa nyepesi, na hazikurudi tena kuwa kama zamani. Lakini vita ilifanya zaidi ya hapo. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa 1895 alipaswa kufunguliwa pipa lake mwaka wa 1916. Mwaka wa 1916 ni mwaka wa vita ya mto Somme. Familia nyingi za nyumba hizo kubwa zilipoteza wana wao katika miaka hiyo. Mtu akiweka pombe kwa ajili ya mtoto, anamwamini mpishi, anaiamini kave, lakini kuna jambo moja ambalo hakuna mpishi anayeweza kulitengeneza: kwamba mtoto atakuwako.

Desturi haikufa kabisa. Mwaka wa 1968, kwa kukumbuka miaka 40 tangu kifo cha mwandishi Thomas Hardy, kiwanda cha Eldridge Pope cha mji wa Dorchester kilipika pombe kali sana. Sababu yake ni kwamba Hardy, katika kitabu chake The Trumpet-Major cha mwaka wa 1880, alikuwa ameisifu pombe kali ya mji huo. Kila chupa iliandikwa mwaka wake, na wapishi walisema inaweza kudumu miaka 25. Kiwanda hicho kiliacha kuipika mwaka wa 1999. Kiwanda kingine cha upande wa Devon, O'Hanlon's, kikaichukua mwaka wa 2003 kwa miaka michache. Viwanda vingine navyo vilifuata njia hiyo: J.W. Lees wa upande wa Manchester tangu 1986, na Fuller's wa London tangu 1997, wakitoa kila mwaka chupa yenye mwaka wake. Leo hata fundi ao mwalimu anaweza kununua chupa moja na kuiweka. Pipa la mrithi limekuwa chupa ya kila mtu.

6. Ginsi tulivyoionja

Turudi Bukavu. Chupa ya kwanza tuliisimamisha siku tatu ili chachu itulie chini. Jioni ya tarehe 31 Desemba 2019 tulikuwa watu wanne: mdogo wangu, mama watoto, mwalimu mwenzangu wa shimi, na mimi. Mdogo wangu alimimina polepole katika vikombe vidogo, akaacha tope la chini ndani ya chupa. Haikutoa povu karibu hata kidogo. Rangi yake ilikuwa ya chai iliyokolea.

Nitasema ukweli. Mara ya kwanza sikuipenda. Niliona utamu mzito, kisha moto kifuani. Mama watoto akasema: « Hii iko divai ya misa! » Tukacheka, lakini alisema kweli. Kadiri kikombe kilivyopata joto mkononi, vitu vingine vikatoka kimoja kimoja: sukari iliyoungua, zabibu kavu, asali ya porini, na mwishoni kitu cha chumvi kidogo, kama mchuzi wa soya. Uchungu wa hopi ulibaki mbali sana, kama sauti ya mtu aliye ng'ambo ya bonde. Kikombe kidogo kilichukua saa nzima. Hakuna aliyeomba kingine.

Binti yangu, aliyekuwa anaangalia chupa tupu, akasoma mwaka wake. Akauliza: « Papa, hii pombe iko na miaka yangu? » Ni kweli: yeye alizaliwa mwaka wa 2007. Tulikuwa tumekunywa rika lake bila hata kufikiri. Ndipo mdogo wangu akachukua chupa ya pili, akaandika jina la mtoto juu yake kwa kalamu, na mwaka: 2028. « Yaya, hii si yenu, » akasema.

Kwa kumaliza

Wengine watauliza: Waingereza na kave zao, sisi tunajifunza nini? Mimi sisemi kwamba tuache kasiksi tuanze kuweka chupa za wazungu. Kasiksi ni ya kunywa leo pamoja na watu wa leo, na huo ndio uzuri wake. Lakini tusidhani kwamba wazee wetu hawakuwekea watoto. Hawakuweka pombe, waliweka shamba la migomba. Mgomba mmoja unazaa mara moja na kufa, lakini machipukizi yake yanabaki, na mjukuu anakamua ndizi za shina lililopandwa na babu. Muingereza aliweka pombe ndani ya pipa, sisi tuliiweka ndani ya udongo. Sasa mashamba yanauzwa vipande vipande, vijana wanahamia mjini, na wengi wetu hatujui tena ni kitu gani tunachokiwekea mtoto kabla hajakua. Hilo ndilo swali nililotaka kuliacha mbele ya wasomaji.

Chupa ya pili iko bado nyumbani kwangu. Sina kave. Iko chini ya kabati, upande wa ukuta usiopigwa na jua, imefungwa katika gazeti. Katika siku zile za Februari 2025, vita ilipofika mjini kwetu na tukajifungia ndani, tulihesabu vitu vya kubeba kama tungelazimika kuondoka: vyeti vya shule, nguo, sufuria, dawa za mama. Binti yangu aliiweka chupa katika mfuko wake bila kuuliza mtu. Hatukuondoka. Aliirudisha pahali pake, wima, kama mjomba wake wa London angetaka. Sisi kwetu tunasema baba mdogo.

Joto la nyumba yangu si lile la kave ya Uingereza, na inawezekana pombe itakuwa imeharibika. Tutajua mwaka wa 2028. Kazi yetu kwa sasa ni ile ya watumishi wa kave: kutokunywa, na kuangalia mtoto awepo.